Kipimajoto chako kinapima bati, si hewa

Ndugu yangu wa Raskazone, Tanga, umeuliza kwa nini kituo chako cha hali ya hewa kinaonyesha nyuzi 41 wakati cha jirani kinaonyesha 32, na kwa nini mawasiliano na skrini ya ndani yanakatikakatika. Hizo 41 ni za bati. Umekifunga kipimajoto chini ya paa la bati, na ukuta wa saruji ukishashiba jua haupoi mpaka usiku. Kihamishie uani, juu ya nyasi, kimo cha mita moja na nusu hivi, ndani ya kibanda cheupe kinachopitisha upepo. Changu mimi nilikiunda kwa kupanga sahani nyeupe za plastiki kwenye spoku za baiskeli. Kinachekesha kukitazama, ila kinafanya kazi.

Bati na nondo huzuia mawimbi ya redio, basi skrini iweke karibu na dirisha la uani. Chumvi ya bahari nayo hula vibati vya betri. Visugue, upake vaselini kidogo.

Kipima mvua kikae mbali na mnazi, na ukisafishe kabla ya masika, maana buibui hulala humo. Alama ya kaskazini ya kipima upepo ielekeze kaskazini kwa dira, la sivyo kitakuambia kaskazi huku ngalawa zote zinasukumwa na kusi.