Yakobo aliyeuawa na Herode siye wa Matendo 15

Uliyeuliza Yakobo aliyekatwa kwa upanga katika Matendo 12 anawezaje kuhutubia mkutano wa Yerusalemu sura ya 15: ni watu wawili tofauti.

Wa kwanza ni mwana wa Zebedayo, nduguye Yohana. Aliyeamuru auawe ni Herode Agripa wa Kwanza, ambaye mwenyewe alikufa mwaka 44 BK, basi kifo cha Yakobo hakiwezi kuwa baada ya hapo. Mkutano kwa kawaida huwekwa karibu mwaka 49.

Msemaji wa 15:13 ni Yakobo ndugu wa Bwana, yule wa Wagalatia 1:19. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaandika kwamba alipigwa mawe kwa hila ya kuhani mkuu Anano, liwali wa Kirumi Festo akiwa amekufa na mrithi wake Albino hajawasili, yaani mwaka 62. Waraka wa Yakobo pia kimapokeo ni wake.

Anayetuchanganya ni Luka, mwandishi wa Matendo. Anasimulia kuuawa kwa Yakobo katika 12:2, kisha katika 12:17 Petro anasema "mpasheni Yakobo habari", bila utambulisho wowote! Ukisoma haraka unapotea hapo hapo.

Yupo pia Yakobo wa Alfayo, mmoja wa wale Kumi na Wawili. Mapokeo ya Kilatini yalimwunganisha na ndugu wa Bwana, Waorthodoksi huwatenganisha.

Na Yakobo wa Santiago de Compostela, mji wa hija huko Hispania? Huyo ni wa Zebedayo, sikukuu yake Julai 25, ila habari kwamba alihubiri huko zimeandikwa karne nyingi baadaye.