Kadi ya mpiga kura ya Kondoa, makazi Nkuhungu, Dodoma mjini: utapigia wapi kura?

Dada, uliandikishwa Kondoa na sasa unaishi Nkuhungu, umeuliza kama unaweza kupiga kura kwa posta, au mdogo wako akupigie huko Kondoa. Yote mawili hayapo Tanzania. Kura unapiga mwenyewe, kwenye kituo ulichoandikishwa.

Dawa yako ni kuhamisha taarifa, na hilo hufanyika wakati wa uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura tu. Kwa sheria, uboreshaji hufanyika mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, basi usikupite. Nenda kituo cha uandikishaji hapo Nkuhungu na kadi ya Kondoa, useme wazi: "Nahamisha." Tafadhali usijiandikishe upya kana kwamba huna kadi, kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai.

Wengi hukwama hapa: walijiandikisha kwa uchaguzi wa serikali za mitaa, wakadhani wamemaliza. Ile ni orodha nyingine kabisa.

Usipohamisha, panga nauli ya Kondoa mapema. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa 10 hupiga.