Ukipangiwa kambi ya Wayahudi Marekani

Wadogo zangu mnaojaza fomu za viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana watu, kwenda kufanya kazi kwenye kambi za watoto za kiangazi Marekani, mkipangiwa kambi ya Wayahudi msikatae kwa sababu tu ninyi si Wayahudi. Nyingi huajiri watu wa dini nyingine jikoni, viwanjani, hata mabwenini. Mimi Mwislamu wa Mombasa nilifanya kazi kwenye moja iliyoko milima ya Pocono, Pennsylvania, na kilichonifaa kuliko Kiingereza changu ni kujua sheria za jikoni na kalenda yao ya dini.

Nianze na jikoni, maana wageni wengi tunaishia huko. Nyama na maziwa havikutani. Kuna sufuria za nyama na sufuria za maziwa, sinki mbalimbali, na miiko, visu, hata vitambaa vya kufutia vina rangi zake. Kwetu nyekundu ilikuwa ya nyama na buluu ya maziwa. Msimamizi wa haya yote huitwa mashgiach, na neno lake ndilo la mwisho. Siku moja mwenzetu alikoroga supu ya kuku kwa upawa uliotoka kwenye sosi ya jibini. Moto ukazimwa, upawa ukawekwa kando, mashgiach akampigia simu rabi, na watoto wakala mikate ya samaki. Aliyekoroga hakugombezwa, kwa kuwa alisema pale pale. Ungeoshwa kimya kimya na kurudishwa kwenye ndoano, jiko zima lingeingia matatani.

Nguruwe hutamwona, na hilo litawafurahisha wengi wetu. Ila pweza, ngisi, kamba na kaa nao hawapo, kwani cha majini kinacholiwa ni chenye mapezi na magamba tu. Mtu wa Pwani ajiandae kisaikolojia! Pakiti ya biskuti uliyonunua dukani pia usiingie nayo jikoni. Na wewe Mwislamu, suala la kula nyama yao muulize sheikh wako kabla hujapanda ndege, si ukiwa kwenye foleni na sahani mkononi.

Ijumaa ni mbio tangu asubuhi, kwa sababu chakula cha Sabato lazima kiive kabla jua halijazama. Halafu ghafla kambi inatulia. Watoto wanatoka kuoga wamevaa nyeupe, wanakula, kisha wanaimba sala ya baada ya chakula huku wakipiga meza mpaka vikombe vinaruka. Sijaona watoto wakisali kwa raha namna ile. Kambi hazifanani lakini, kutegemea madhehebu ya Kiyahudi: za Kiorthodoksi hazipigi gitaa wala kuwasha taa mpaka nyota tatu zionekane Jumamosi usiku, ilhali za Reform gitaa ni sehemu ya ibada yenyewe. Zile za mtandao wa Ramah, zilizoanzia Conover, Wisconsin, mwaka 1947, ni za Conservative, nazo hushika Sabato na chakula cha kosher, yaani kinachofuata zile sheria za jikoni. Kwenye usaili uliza wazi: simu yangu naruhusiwa kuitumia wapi Jumamosi?

Kisha kuna Tisha B'Av, Julai au Agosti, siku ya kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu la Yerusalemu. Wakubwa hufunga tangu jua linapozama hadi usiku wa siku ya pili, na usiku ule wa kuanza mfungo watu hukaa chini sakafuni wakisoma kitabu cha Maombolezo kwa mwanga hafifu. Kambi zinazoshika mila huacha nyama siku tisa zinazoishia na siku hiyo, kwa hiyo wapishi jiandaeni kwa tambi, mayai na samaki. Muziki wako weka mbali.

Malipo ni madogo, msidanganywe na mtu. Beba sweta, usiku wa milimani una baridi hata Julai, na shati moja jeupe la Ijumaa. Programu ya J-1 ya kambi haizidi miezi minne, ila ikiisha unapewa siku 30 za kutembea kabla ya kuondoka nchini. Siku hizo hufanyi kazi, kwa hiyo anza kuweka akiba mapema.