Mwanamke wa ngano akiingia kwenye riwaya yako

Msomaji ameuliza: anaandika riwaya inayotokana na kisa cha Fumo Liongo, shujaa wa ngano za Waswahili, lakini mama yake Liongo amekwama kwenye huruma na machozi. Miswada mingi ina tatizo hili. Katika ngano mwanamke hupewa kazi moja tu: mama huokoa, mke husaliti, binti hutolewa kafara. Akishaimaliza, msimulizi humwacha hapo hapo. Riwaya haitoshelezwi na hilo.

Basi ichukue kazi yenyewe, uivunje hatua kwa hatua. Liongo alipofungwa gerezani, mama yake alificha tupa ya kukatia minyororo ndani ya mkate wa wishwa, kwa sababu vyakula vizuri walinzi walivila wao. Tupa aliipata kwa mhunzi gani, kwa kisingizio gani? Mkate uwe mkubwa kiasi gani ili chuma kisichomoze, wala uzito wake usimshtue mlinzi? Wishwa haishikani, mkate ukipasuka njiani, mwana ameangamia. Andika jiko hilo kurasa tatu nzima kabla ya chozi lolote.

Halafu mtazame Saada, kijakazi aliyeupeleka gerezani. Liongo alimpa ujumbe kwa wimbo, kwa hiyo alijua amebeba nini. Ngano inampa jina na safari, basi. Mimi naona riwaya iko kwake kuliko kwa mama.

Kwa mke msaliti, uliza kwanza kisa kinasimuliwa na nani. Mke wa Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo, aliondoka na siri kwamba nguvu za mumewe zimo kivulini, akaipeleka kwao, kwa Wanandi. Wajaluo humwita msaliti. Kwa Wanandi aliwaokoa ndugu zake. Usiiruke siku ya ugonjwa, mume alipomwambia achanje kivuli atie dawa, damu ikatoka. Wakati ule bado ni mke anayemuuguza mumewe, na wembe uko mkononi. Asiamue upesi.

Kinachoharibu zaidi ni hotuba. Mwandishi akiogopa mhusika wake ataonekana dhaifu, humpa aya mbili za haki za wanawake, naye anarudi kuwa chombo, safari hii cha mwandishi. Zifute. Mpe jambo analolitaka lisilomhusu shujaa: deni, shamba, dada aliyeolewa mbali.

Na usikomee kwenye tendo. Liongo alikufa amepiga goti kisimani, upinde ameuvuta, watu wakadhani yu hai, wakaogopa kuteka maji. Wakamwendea mama yake akamsihi mwanawe. Andika ni nani aliyetumwa kubisha mlango wake, na huyo mtu alianzaje kusema.