Ukifuga nyungunyungu wa mboji, punguza mkono

Wanaoanza kutengeneza mboji kwa nyungunyungu huuliza kwanza: niwalishe nini? Mimi huwaambia waanze na tandiko. Likiwa baya, hata uwape ganda la ndizi lililoiva vizuri, utawakuta wameparamia kuta za boksi wakitafuta pa kutokea.

Tandiko ni gazeti lililochanwa vipande vyembamba, katoni isiyong'aa iliyotolewa gundi na utepe, au majani makavu. Loweka, kamua, tifua. Kisha chukua konzi moja uiminye: yakidondoka matone mawili matatu, inatosha. Yakichuruzika, ongeza katoni kavu. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi, hivyo akikauka anakufa, na akikaa kwenye tope lisilo na hewa anakufa vilevile. Tupia na konzi ya udongo. Meno hawana, na chembechembe hizo ndizo zinazosaga chakula kwenye firigisi.

Chombo kisikusumbue: ndoo, kreti au boksi la mbao, mradi kina mfuniko na matundu ya hewa. Kipana kinafaa kuliko kirefu, kwa sababu mnyoo tunayemtaka, yule mwembamba mwekundu ambaye wataalamu humwita Eisenia fetida, huishi juujuu kwenye vitu vinavyooza. Wale wanene unaokutana nao ukilima wengi ni wachimbaji wa udongo wa chini. Waache huko huko, wana kazi yao. Omba mbegu kwa mtu anayefuga tayari. (Na usimkate mmoja ukitegemea kupata wawili. Hawaongezeki hivyo.)

Sasa chakula, ambapo ndipo maboksi mengi huharibikia. Utasikia kwamba kilo 1 ya nyungunyungu hula nusu kilo ya mabaki kwa siku. Hayo ni ya boksi lililokomaa. Mwanzoni wape robo ya hapo, fukia kwenye pembe moja, funika vizuri, na usiongeze mpaka kile cha kwanza kikaribie kwisha. Safari nyingine fukia pembe ya pili. Ganda bichi hawaligusi mpaka lianze kulainika, maana wanachofuata hasa ni bakteria na kuvu wanaoliozesha. Kwa hiyo ukiona chakula kimekaa tu, usidhani wamekikataa. Katakata vipande vidogo, kitaisha upesi.

Boksi lenye afya linanuka udongo uliopigwa na mvua. Ukisikia harufu ya yai viza, chakula kimezidi na hewa imekosekana: toa kilichorundikana, tifua taratibu, ongeza katoni kavu, kisha uwaache. Vijiinzi vya matunda navyo huja kwa sababu chakula kimeachwa wazi juu.

Nyama, maziwa, mafuta na vyakula vya chumvi visiingie kabisa. Ndimu na vitunguu, mimi huviweka pembeni. Maganda ya mayai nayapenda sana: yakaushe, yasage, nyunyiza kidogo, yanapunguza uchachu. Majani mabichi mengi kwa mpigo yatapasha boksi joto, na joto ndilo adui mkubwa. Nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi wanastarehe. Zikipita 30 wanaanza kuteseka. Liweke kivulini.

Mambo yakienda sawa utaona vijifuko vidogo vyenye umbo la ndimu, vya manjano, vinavyogeuka kahawia kadiri siku zinavyokwenda. Ni mayai hayo. Kila kimoja hutoa watoto wawili watatu, wakati mwingine zaidi, weupe na wembamba kiasi kwamba usipoinama huwaoni.

Kuvuna ni baada ya miezi 3 hadi 6, vitu vikishakuwa vyeusi na vya kumomonyoka. Wapo wanaomwaga kila kitu kwenye turubai chini ya mwanga mkali na kukwangua juu kidogo kidogo, wanyoo wakikimbilia chini. Mimi nachagua njia ya wavivu: nasogeza yote upande mmoja, naweka tandiko jipya na chakula upande wa pili, wanahama wenyewe baada ya wiki kadhaa.

Miche usiioteshe kwenye mboji tupu. Changanya sehemu 1 ya mboji na sehemu 4 za udongo. Yale maji meusi yanayochuruzika chini ya boksi nayazimua na kuwapa maua. Mboga za kuliwa mbichi siziwekei.