Diwani za Pwani: Maswali Yenu Leo

Maswali ya diwani, yaani vitabu vya mashairi, za washairi wa pwani yamekuwa mengi, leo najibu haya.

Nimekulia bara, shule tulisoma mashairi ya mtihani tu. Nianze na diwani gani?

Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, wa Mombasa, wala usihangaike na nyingine kwanza. Huyu alifungwa miaka 3 sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, na humo jela akawa anaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni, fikiria mtu anapanga vina na mizani huku anasikilizia askari asije akamkuta. Kitabu kikatoka 1973, halafu 1974 kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ndo ilimfunga! Soma Siwati, mtu anakataa kabisa kuacha msimamo wake, kisha nenda Mnazi, Badi na Alii wanabishana juu ya mnazi mmoja na ukimsikiliza huyu unaona ana haki, ukimsikiliza yule nae hivyo hivyo. Ila usikimbize kama riwaya jamani, mawili kwa siku yanatosha, na soma kwa sauti, manake mshororo wa mizani 16 unapumzika katikati, 8 kwa 8, na macho peke yake hayasikii hilo.

Kimvita, lahaja ya Mombasa, kinanishinda, nifanyeje?

Kinazoeleka haraka kuliko unavyodhani. Pengi ambapo sanifu ina "ch" wao wana "t", macho ni mato, kuacha ni kuwata, na njia inakuwa ndia. Ukishayashika hayo fungua Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir (1971), kaka yake Abdilatif, utashangaa mwenyewe.

Muyaka alikufa zamani sana, mashairi yake yalifikaje kitabuni?

Kwa vichwa vya watu. Mshairi Muyaka bin Haji alifariki kama 1840, watu wa Mombasa wakaendelea kuyasema mashairi yake, ndipo Mwalimu Sikujua akayakusanya na kumpa mmisionari W. E. Taylor, diwani ikaja kuchapwa 1940 huko Johannesburg. Karne nzima! Mimi kwa kweli Mwalimu Sikujua naona hatumtaji inavyostahili, bila yeye sijui tungebaki na nini.

Mbona wanawake hawapo?

Wapo toka zamani, ila wengi walitunga tenzi ndefu na sio diwani. Mwana Kupona wa Siyu alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na mpaka leo unasomwa. Kwenye diwani zilizochapwa ndo wachache mno, na hili linaniuma, naamini majumbani Lamu na Unguja kuna madaftari ya kina bibi yanaliwa na mchwa. Kama kwenu lipo, lipige picha kurasa zote wiki hii.

Pwani hamna mashairi huru, yale yasiyofuata vina na mizani?

Yapo. Chembe cha Moyo ya Alamin Mazrui (1988), nae wa Mombasa. Na ukitaka wa sasa hivi, tafuta N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani kutoka Pemba, mswada wake ulishinda Tuzo ya Mabati-Cornell, ya fasihi ya Kiswahili, 2015.