Yes: albamu ipi uishike iwe yako

Mkuu, umeuliza kati ya albamu zote za Yes, bendi ya roki ya Uingereza, ni ipi uishike iwe yako, maana umesikia "Roundabout", ukasikia "Owner of a Lonely Heart", ukabaki unajiuliza kama kweli ni bendi moja. Jina ni moja, kikosi sicho. "Roundabout" imo kwenye Fragile ya 1971. "Owner of a Lonely Heart" imo kwenye 90125 ya 1983, na katikati hapo kiti cha kinanda kilishabadilisha mtu mara nne, mpiga dramu alishakuwa mwingine, na gitaa lilishatoka kwa Steve Howe likaenda kwa Trevor Rabin wa Afrika Kusini. Aliyekuwamo kwenye kila albamu ya studio, tangu ya kwanza ya 1969 hadi alipofariki mwaka 2015, ni Chris Squire wa besi peke yake.

Ndiyo maana zile orodha za "albamu kumi bora" hazikusaidii kwa Yes. Zinashindanisha vikosi tofauti. Chagua kikosi kwanza, albamu itajileta yenyewe.

Anza na mpiga dramu. Wengi huanza na mwimbaji au mpiga kinanda, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu sauti ya Jon Anderson iko karibu kila mahali na haikupi tofauti. Hadi 1972 dramu ni za Bill Bruford. Snea yake (ile ngoma ndogo ya mlio mkali) ina mlio mkavu, wa kugonga, unaokata katikati ya muziki wote, na hapendi kupiga pale unapomtegemea. Baada yake ni Alan White, mzito zaidi, anayesukuma bendi kwa nguvu kutoka nyuma. Jipime hivi: sikiliza dakika tatu na nusu za mwanzo za "Heart of the Sunrise" (Fragile), halafu mwanzo wa "Machine Messiah" (Drama, 1980). Kwa Bruford, besi na dramu zinakimbizana kwa kasi, zinasimama, kisha zinarudi polepole huku Mellotron (kinanda kinachotoa sauti zilizorekodiwa kwenye tepu) ikitandaza sauti kama za fidla nyingi juu yake. Kwa White, ni uzito wa gitaa na dramu kwa pamoja. Ukijikuta unataka kurudia ile ya kwanza, albamu yako iko kati ya The Yes Album, Fragile na Close to the Edge. Ukivutwa na ya pili, nenda Relayer, Going for the One na Drama.

Sasa tuziangalie moja moja, na sitazipa zote nafasi sawa kwa sababu hazistahili sawa.

The Yes Album (1971) ndiyo rahisi kuingia. Howe ndiyo kwanza amejiunga, na kinanda bado ni cha Tony Kaye, ambaye silaha yake kubwa ni ogani ya Hammond. Kwa mtu aliyekulia kwenye muziki wa dansi, mlango ni "Starship Trooper". Wimbo una sehemu tatu, na ya mwisho, "Würm", inafanya kazi ileile ya chemko: kordi tatu tu (G, E bemoli, C) zinazunguka bila kukoma, zinaanza kwa gitaa la chini kabisa, kila mzunguko kitu kinaongezeka, mpaka gitaa la solo linafunguka. Anayejua kusubiri sebene ataielewa hapo hapo. Udhaifu wa albamu hii ni "A Venture", wimbo mfupi unaopita bila kuacha alama. "Clap" ni gitaa tupu lililorekodiwa jukwaani London mwaka 1970, na ni zuri, ila halihusiani na nyimbo zilizo jirani yake.

Fragile ina tatizo la aina hiyo hiyo, kwa ukubwa zaidi. Nyimbo ni tisa, lakini nne tu ndizo za bendi nzima: "Roundabout", "South Side of the Sky", "Long Distance Runaround" na "Heart of the Sunrise". Tano zilizobaki kila mwanabendi kapewa yake. Kipande cha Bruford kina sekunde 35. Cha Rick Wakeman, mpiga kinanda aliyechukua nafasi ya Kaye, ni muziki wa Brahms, mtunzi wa Kijerumani, alioupiga kwa vinanda vyake. Mtu akikuambia Fragile ni albamu anayoipenda kuliko zote, muulize kama anamaanisha zile nne. Cha Squire tu, "The Fish", usikiruke: karibu kila unachosikia mle juu ya dramu ni gitaa la besi, limerekodiwa tabaka juu ya tabaka, na ni somo zuri la kulizoesha sikio kumfuata Squire kwenye albamu nyingine.

Close to the Edge (Septemba 1972) ndiyo ninayoishika mimi, na nitakaa hapa kidogo. Ina nyimbo tatu tu, dakika kama 38. Upande wa kwanza wote ni wimbo mmoja wa dakika 18 na ushee. Unaanza na sauti za ndege na maji zikipanda taratibu, kisha bendi inalipuka ghafla, na hapo wengi huzima, wakidhani kila mtu anapiga lake. Dawa yake ni kuliacha gitaa la Howe na kufuata besi. Squire anapanda ngazi ileile tena na tena, na kila kitu kingine kimesimama juu yake. Ghafla wote wanakata, sauti za watu zinaitika "aa" peke yake, kisha vurugu inaendelea kama vile haikukatwa. Ukishaishika ile ngazi ya besi, vurugu inakuwa na mpangilio.

Kuanzia kama dakika ya nane na nusu mambo yanatulia: sauti zinapishana taratibu, na karibu dakika ya 12 ogani ya kanisa inaingia. Ni ogani halisi, ilirekodiwa katika kanisa la St Giles-without-Cripplegate, London, ilhali vipande vingine ni vya studio ya Advision. Prodyuza Eddy Offord na bendi walirekodi vipande vipande, kisha utepe ukakatwa na kuunganishwa. Kwa hedifoni nzuri unasikia chumba kinabadilika: nafasi inapanuka ogani inapoingia, na inabana tena bendi inaporudi. Huo mpanuko na mbano ndio wimbo wenyewe.

Lakini kilichonifanya niishike si upande wa kwanza, ambao kila mtu anausifu. Ni upande wa pili. "And You and I" inaanza na gitaa la nyuzi 12 likiguswa tu, na kuna mtu anasikika akisema "okei" kabla ya wimbo kuanza. Baadaye Mellotron na gitaa la stili vinafungua anga yote. Halafu "Siberian Khatru", ambapo gitaa linazunguka kwa hesabu ya mapigo 15, nane kisha saba. Ihesabu kwa kidole mezani: kila mara unapodhani umefika mwisho wa mzunguko, wao wameshaanza mwingine. Bruford hapo anapiga kana kwamba ni jambo jepesi. Baada ya kurekodi albamu hii aliondoka kwenda bendi ya King Crimson, na Yes hawakuwahi tena kuwa na wepesi ule. Hakuna hata dakika moja ya kuruka kwenye albamu hii, na kwangu hicho ndicho kipimo cha albamu ya kuishika.

Tales from Topographic Oceans (1973) usianze nayo. Ni santuri mbili, nyimbo nne, kila mmoja upande mzima, jumla zaidi ya dakika 80. Wazo lilitoka kwenye tanbihi ya kitabu cha Paramahansa Yogananda, mwalimu wa yoga wa Kihindi, na Wakeman mwenyewe hakuikubali, akaondoka 1974. Ina sehemu nzuri sana, hasa "Ritual", ila zimetandazwa mbali mbali. Iache mpaka uwe na hamu nayo.

Relayer (1974) ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo inayoshindana na Close to the Edge kichwani mwangu. Kinanda ni cha Patrick Moraz wa Uswisi. "The Gates of Delirium" ni vita, kwa dakika kama 22, na wazo lake limetoka kwenye riwaya ya Tolstoy, mwandishi wa Urusi. Katikati kuna mapigano bila maneno, na ule mshindo wa vyuma ni vyuma kweli: White na Anderson waliokota vipuri vya magari kwenye yadi ya magari mabovu wakavigonga. Kinachowashinda watu ni sauti yenyewe. Howe anatumia gitaa aina ya Telecaster lenye mlio mkali, besi imejaa sauti za juu, vyote viko sehemu moja ya masafa na vinakwaruzana. Vumilia hadi kama dakika ya 16, inapoingia sehemu ya "Soon". Lakini usiruke moja kwa moja kwenda hapo. Utulivu ule hauna uzito kama hukupita vitani kwanza.

Going for the One (1977) ni ya mtu anayetaka "Awaken", wimbo wa dakika 15 wenye ogani ya kanisa la Vevey, Uswisi, iliyounganishwa na studio ya Montreux kwa laini ya simu. Tormato ya 1978, ruka.

Sasa namna ya kusikiliza, maana makosa ya hapa ndiyo yanayomfanya mtu achague vibaya. Usitumie spika ya simu. Squire anapiga besi aina ya Rickenbacker kwa kipiki, na sauti zake za juu ni kali kiasi kwamba spika ndogo ikikata za chini utabaki na mlio unaodhani ni gitaa la pili, na msingi wote wa wimbo umeukosa. Usisikilize kwa sikio moja pia, maana vyombo vimegawanywa kushoto na kulia. Ndani ya daladala ile sehemu tulivu ya "Close to the Edge" itamezwa na injini. Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Kama bando ni la kuhesabu, pakua: kwa 320 kbps ni kama MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo Close to the Edge nzima ni kama MB 91.

Angalia pia toleo. Matoleo ya 2003 yana nyongeza mwishoni. Close to the Edge ya asili inaishia "Siberian Khatru", na vinavyofuata ni majaribio na matoleo ya singo, kwa hiyo vikikuchosha usiilaumu albamu. Kisha kuna miksi mpya za Steven Wilson, mwanamuziki wa Uingereza: Close to the Edge 2013, The Yes Album na Relayer 2014, Fragile 2015, Tales 2016. Hizi si zile za kusafishwa tu. Yeye alirudi kwenye tepu za vyombo mbalimbali akapanga upya. Kwa Close to the Edge izoee ya asili kwanza. Kwa Relayer anza na ya Wilson, kwa sababu pale vyombo vinapata nafasi ya kupumua na vita inaeleweka nani anampiga nani.

Fanya hivi wiki hii: The Yes Album mara mbili, siku mbili tofauti. Zile nne za Fragile mara moja. Kisha Close to the Edge usiku, taa imezimwa, upande wa kwanza, simamisha dakika tano kama mtu anayegeuza santuri, ndipo uweke "And You and I". Ukimaliza rudi hapa utuambie mkono ulikwenda wapi wenyewe ulipotaka kurudia.